Nilisafisha kanda ya marehemu mzee, mama akaikataa. Kelele ni nini hasa?

Waya Mwekundu (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Uzi ni mrefu. Asiye na muda apite tu, hakuna ubaya.

Mzee wangu aliacha kanda moja. Siyo ya msanii, ni yake mwenyewe: anapiga gitaa kavu na kuimba, amejirekodi kwa redio kaseti yenye kimaiki cha ndani, kile kitundu kilichokuwa pembeni ya kitufe chekundu. Ni jioni moja tu, nyimbo tatu na nusu. Nusu kwa sababu ya nne rekodi iliishia katikati ya ubeti. Unasikia anavuta pumzi ya mstari unaofuata, halafu "tak", kitufe kimeruka.

Kanda ilishaanza kuvuta, sauti inalegea kama mtu mwenye usingizi, nikaona niiwahi. Nikasafisha hedi (kile kichwa kinachosoma utepe) kwa spiriti, nikachomeka waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kompyuta, nikaiacha icheze mwanzo mpaka mwisho. Kompyuta ilikuwa inalipima wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde. Namba hiyo tumerithi kwenye CD. Ili uunase mtetemo inabidi uupime zaidi ya mara mbili kwa kila mzunguko wake, na sikio zuri la kijana linafika kama Hz 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, kwa hiyo mara mbili yake na nafasi kidogo ya kupumulia. Hapo sikuharibu kitu.

Niliharibu nilipoanza kusafisha.

Zipo programu za bure za kuondoa kelele, na nyingi zinafanya kazi hivi: unatafuta kipande ambacho hakuna mtu anayeongea wala ala inayolia, unakichagua, unaiambia programu "kelele ndiyo hii". Inaikariri sura ya hiyo kelele, kila masafa yana nguvu kiasi gani, halafu inapita kwenye rekodi nzima ikipunguza chochote kinachofanana nayo. Mwanzo wa kanda kulikuwa na sekunde kama 40 kabla mzee hajaanza. Nikachagua hizo.

Ndani ya zile sekunde kulikuwa na mvumo wa kanda, ule wa "shaaa" ambao kila aliyetumia kaseti anaujua. Lakini pia kulikuwa na mvua juu ya bati, kiti kinalia, na mzee anakohoa mara mbili akiwa mbali na maiki. Vyote nikavibandika jina moja.

Matokeo nikayaona mazuri, kusema kweli. Gitaa limesimama peke yake, nyuma yake kimya kama kisima. Ukisikiliza kwa makini unapata vijisauti vya ajabu, kama ndege wadogo walio chini ya maji, hasa pale mzee anapoachia neno. Baadaye nilikuja kujua kwamba wataalamu wanaviita "kelele za kimuziki": ni mabaki ya kile programu ilichokata vibaya, vinukta vya masafa vinavyowaka na kuzima. Yaani nimefuta kelele nikapewa kelele nyingine, tena hii haikuwahi kuwepo duniani.

Nikampelekea mama. Akavaa hedifoni, akafumba macho. Nikasubiri machozi, nikijipongeza kimoyomoyo.

Akavua. "Huyu siye."

"Mama, ni yeye. Nimeondoa kelele tu."

"Kelele gani?"

"Zile za nyuma. Mvua, na ule mvumo."

Akaniangalia kama mtu aliyekosea nyumba. "Ile siku ilinyesha. Ndiyo maana alikuwepo."

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kufikiria kelele. Siyo utani, nimesoma vitu ambavyo sikutegemea kuvisoma, nitavimwaga hapa kidogo kidogo. Ila kwanza nataka niwasikie ninyi. Nani huwa anaamua kwamba hiki ni sauti na hiki ni kelele?

---

Spika Mbovu

Siti ya mbele nimeshakaa. Endelea mkuu.

---

fundi_mitambo

Pole kwa mzee, na pole kwa mama. Ila mleta mada nikusahihishe, maana kazi hii naifanya miaka mingi, ukumbini na studio.

Programu haina kosa. Wewe ndiye uliyeipa sampuli yenye mvua na kikohozi, nayo ikatii. Ulitakiwa utafute kipande chenye mvumo wa kanda peke yake, hata nusu sekunde inatosha, kwa mfano pale mwanzoni kabisa kabla kitufe cha kurekodi hakijabonyezwa. Halafu usikate desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 30 kama mtu anayefyeka shamba. Kata 6, kata 8, ondoka.

Swali lako la "nani anaamua" kwetu lina jibu jepesi: kelele ni chochote kisichohitajika kwa kazi iliyo mbele yako. Ule mvumo wa kaseti hakuna aliyeuweka kwa mapenzi. Utepe umepakwa chembechembe za oksaidi ya chuma, kila chembe ni kisumaku, na hata usiporekodi kitu visumaku hivyo havijapangwa sawa. Hedi inapovipitia inasoma ule mvurugiko. Kaseti ina utepe mwembamba, chini ya milimita 4, na unatembea sentimita 4.76 tu kwa sekunde, kwa hiyo chembe zinazopita mbele ya hedi ni chache na mvurugiko unasikika. Mikanda mipana ya studio iliyokuwa ikikimbia sentimita 38 kwa sekunde haikuwa na shida hiyo kwa kiwango hicho. Philips walipoitoa kaseti mwaka 1963 haikutegemewa hata kwa muziki, ilikuwa ya kurekodia maneno.

Kilichoiokoa ni kupambana na kelele. Dolby B ilipokuja mwaka 1968 ilifanya ujanja mzuri sana: wakati wa kurekodi inapandisha sauti za juu zilizo dhaifu, wakati wa kucheza inazishusha kwa kiasi kilekile. Muziki unarudi ulivyokuwa, mvumo ulioingia katikati unashushwa pamoja nao. Hakuna kilichofutwa. Wote waliosikiliza kaseti kwa raha wanadaiwa shukrani na watu waliochukia kelele.

Kwa hiyo tusiimbe sifa za kelele. Tujifunze kuzitofautisha.

---

Waya Mwekundu

Mkuu fundi, kuhusu sampuli umenimaliza. Kosa ni langu.

Ila hilo jibu lako la "kisichohitajika kwa kazi iliyo mbele yako" ndilo linaloniwasha. Kazi iliyokuwa mbele yangu niliijuaje? Nilidhani ni kuokoa wimbo. Mama kazi yake ilikuwa nyingine kabisa, na kwa kipimo chako mwenyewe, kwake yeye huenda wimbo ndio ulikuwa kelele juu ya mvua.

Nitoe mfano ninaoupenda. Miaka ya mwanzo ya 1930 kampuni ya simu ya Marekani ilikuwa na shida ya mikwaruzo kwenye simu za kuvuka bahari, zilizokuwa zikipita kwa redio. Maabara ya Bell ikampa kazi kijana anaitwa Karl Jansky: tafuta kelele hizi zinatoka wapi. Akajenga antena kubwa juu ya magurudumu ya gari aina ya Ford, inazunguka taratibu shambani. Akapata radi za karibu, akapata radi za mbali, na akabakiwa na mvumo mmoja hafifu asioujua.

Mwanzoni alidhani ni jua, kwa sababu ulikuwa unapanda na kushuka mara moja kwa siku. Lakini kadiri miezi ilivyopita ukawa unawahi. Kilele chake kilikuwa kinarudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, siyo 24. Wale waliosoma nyota wameshajua: huo ndio muda ambao dunia inamaliza mzunguko ukiipima kwa nyota badala ya jua. Kwa hiyo ile kelele haikutoka kwenye jua wala popote hapa jirani. Mwaka 1933 akatangaza kwamba inatoka upande wa katikati ya Njia Maziwa, galaksi yetu. Alitumwa kuua kelele ya simu akaanzisha astronomia ya redio. Na zilikuwa dakika nne tu! Mtu mwenye haraka angeandika "mara moja kwa siku" akaenda kulala.

Waajiri wake walishukuru, wakampangia kazi nyingine. Kwao jibu lilitosha: siyo kitu tunachoweza kukirekebisha.

---

Bi Nyota

Umenitangulia mleta mada, nilikuwa nakuja na hao hao Bell, ila miaka thelathini baadaye.

Mwaka 1964, eneo lile lile alilofanyia kazi Jansky, Holmdel, New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena yenye umbo la pembe kubwa. Wakapata mvumo usiokwisha, mchana na usiku, kila upande wanaoelekeza. Kwa lugha ya wapimaji ilikuwa kama joto la ziada la Kelvin 3.5 hivi ambalo halikutakiwa kuwepo. Wakashuku jiji la New York, siyo. Wakashuku viungio vya antena, wakavibandika utepe wa aluminiamu, bado. Ndani ya pembe walikuwa wamejenga njiwa wawili na kuipaka kuta kwa kinyesi. Wakawakamata, wakawapeleka mbali, wakarudi (ni njiwa, mlitegemea nini), mwishowe wakauawa kwa bunduki. Pembe ikasuguliwa. Mvumo ukabaki pale pale.

Ilikuwa mwanga wa kale kuliko wote tunaoweza kuuona, ulioachiwa ulimwengu ukiwa na umri wa miaka kama 380,000 tu. Sasa una miaka bilioni 13.8. Mwanga ule umenyooshwa na kupanuka kwa anga hadi umekuwa mawimbi ya redio. Nobel ya mwaka 1978.

Sehemu ninayoipenda kuwaambia wanafunzi ni hii: mnaokumbuka televisheni za zamani, ukikosa stesheni zinakuja chenga. Sehemu ndogo ya zile chenga, kama asilimia 1, ilikuwa huo mwanga wenyewe. Tulikuwa tunainuka kwa hasira kwenda kupiga televisheni kofi.

Lakini fundi_mitambo namuunga mkono kwa jambo moja zito. Penzias na Wilson waligundua kwa sababu waliichukia kelele kupita kiasi. Mtu anayesema "acha tu, ni uzuri wa asili" asingesugua kinyesi cha njiwa, na asingejua kwamba kilichobaki siyo cha njiwa. Ukitaka kujua kelele fulani ni ya thamani, kwanza lazima ujaribu kwa dhati kuiondoa.

---

Spika Mbovu

Njiwa ndio waliolipa gharama zote za sayansi hapo, na Nobel hawakupewa.

---

Msikilizaji Tu

Nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Naomba niseme kitu na msinielewe vibaya.

Mimi nina mlio masikioni. Mwaka wa sita huu. Sauti nyembamba, kama ya televisheni ya zamani iliyowashwa chumba cha pili, haizimwi. Nimefanya kazi karibu na mashine zinazopiga kelele bila kuziba masikio, na jioni nikawa navaa hedifoni kwa sauti ya juu ili "kupumzika". Daktari alinieleza vizuri. Ndani ya kila sikio kuna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi, ambazo ndizo zinageuza mtikisiko kuwa ishara ya ubongo. Za ndege zikifa zinaota upya. Zetu hazioti. Ubongo unapoona masafa fulani hayaleti tena taarifa, kwa namna fulani unapandisha sauti upande huo, kama mtu anayefungulia redio mpaka mwisho kutafuta stesheni iliyofungwa. Anachosikia ni mvumo wa redio yenyewe.

Sasa mnapoandika kwamba kelele zina thamani, kelele ni kumbukumbu, nawaelewa. Ila hayo ni maneno ya mtu mwenye kitufe cha kuzimia. Yangu haina mvua ndani yake wala mzee. Haitoki Njia Maziwa.

Na kichekesho ni kwamba dawa ninayotumia usiku ni kelele. Nawasha feni hata siku za baridi, naielekeza ukutani. Mlio unajificha ndani ya ule mvumo, nalala.

Kwa vijana: kipimo kinachotumika sana makazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila ukiongeza desibeli 3, muda wa usalama unakatika nusu. Ukifika 100 unabakiwa na robo saa. Fanyeni hesabu wenyewe kabla ya kujaza masikio.

---

Waya Mwekundu

Msikilizaji Tu, nimesoma mara mbili. Asante kwa kunirudisha chini. Sina cha kubishana nawe, na hilo la "mtu mwenye kitufe cha kuzimia" nitatembea nalo.

Nisiongeze neno kwenye hilo. Nihamie kwenye kitu cha kila siku kinachofanana na feni yako.

Mmeshawahi kupiga simu, mwenzako akanyamaza, na ukajua bado yupo? Unajuaje? Kuna kamvumo. Zamani kalikuwa ka waya wenyewe. Simu za kidijitali hazina: ukinyamaza, simu yako inaacha karibu kabisa kutuma, ili kuokoa betri na nafasi ya mtandao. Kinachotakiwa kusikika upande wa pili ni ukimya mtupu. Watu wangedhani simu imekatika, wangekuwa "haloo? haloo?" kila sekunde tatu. Kwa hiyo simu ya msikilizaji inajitengenezea mvumo wa bandia, unaofanana na ule wa chumba cha mwenzako, unaziba pengo mpaka aongee tena. Wahandisi wanaita kelele ya faraja.

Nilipolijua hilo nilikaa kimya muda mrefu. Zile simu za usiku ambazo hakuna anayesema kitu, na mtu anajisikia yuko na mwenzake: nusu ya kile alichokuwa anakisikiliza kilitengenezwa na chombo alichokishika mkononi.

Na sauti yenyewe je? Simu ya kawaida ilipitisha masafa kati ya Hz 300 na 3,400 tu. Sauti ya mwanaume mtu mzima msingi wake uko kwenye 120 hivi. Haipiti! Ule uzito wa sauti ya baba yako kwenye simu haukuwahi kusafiri kwenye waya. Kilichopita ni ngazi za juu yake, 360, 480, 600, zinazopishana kwa 120 kila moja, na ubongo unapoona ngazi zinapishana hivyo unaijaza ile ya chini wenyewe. (Simu za sasa zenye sauti pana zinafika hadi Hz 7,000 na zaidi, ndiyo maana siku moja moja mtu anasikika kama yuko chumbani.) Kwa hiyo miaka yote niliyokuwa nikiongea na mzee kwa simu, besi yake nilikuwa naitengeneza mimi.

Ndiyo maana sina tena imani na neno "sauti safi". Hakuna sehemu ya safari ambayo hakuna anayetupa na anayejaza.

---

fundi_mitambo

Hapo kwenye kutupa umegusa MP3, ule mfumo wa kubana faili za muziki, bila kuitaja. CD inatumia biti zaidi ya 1,400,000 kwa sekunde. MP3 ya kawaida ya zamani ilikuwa 128,000. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi imeondoka, na watu wengi hawasikii tofauti. Siri ni kwamba sauti kubwa inafunika sauti ndogo iliyo jirani yake kimasafa, hata ile inayotangulia au kufuata kwa kitambo kidogo sana. Programu inahesabu sikio halitasikia nini, inapunguza usahihi hapo. Kelele inaongezeka kweli, ila imefichwa nyuma ya ngoma.

Wajerumani walioiunda walipata taabu na sauti ya mtu mmoja akiimba bila ala, wakautumia wimbo mmoja wa Suzanne Vega kujirekebisha tena na tena. Sauti peke yake haina ngoma ya kujificha nyuma yake. Mzee wako na gitaa lake yuko hali hiyo hiyo, kwa hiyo usithubutu kulibana faili lake. Hifadhi WAV au FLAC, hizo hazitupi kitu.

Na nikiri kitu, kwa kuwa Bi Nyota amenisifu mapema mno. Sisi wenyewe tunaongeza kelele makusudi. Tunaposhusha rekodi ya biti 24 kuwa 16 kwa ajili ya CD, sauti ndogo kabisa zinaanza kuvunjika kama ngazi, unasikia mkwaruzo mbaya mwishoni mwa noti inayofifia. Tiba ni kumwagia kelele kidogo sana, ya kubahatisha, kabla ya kukata. Noti inafifia laini, tena inasikika hata ikiwa ndogo kuliko ngazi ya mwisho. Mwanafunzi wangu wa kwanza nilipomweleza alidhani namtania.

---

Kamba ya Sita

Nyie watu wa vipimo mmechelewa, wapiga ala wanajua haya siku nyingi.

Shika mbira. Ina vyuma vinavyolia vizuri kabisa, noti safi. Halafu mtengenezaji anachukua makombe au vifuniko vya chupa anavifunga kwenye ubao ili vitetemeke "zzzz" kila ukigonga. Ukimwambia aviondoe sauti iwe safi atakuona hujui unachosikiliza. Sitar nayo, ile ala ya nyuzi ya Wahindi, daraja lake limechongwa bapa makusudi ili waya uliguseguse na kunguruma. Kuna watu wanalipwa kwa kazi hiyo tu, kuchonga mngurumo.

Gitaa la umeme limefika kulekule kwa njia ya mkato. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks alichukua wembe akachana karatasi ya spika ya amplifaya yake. Sauti ikatoka imeraruka, ikarekodiwa, na viwanda vinauza vifaa vya kurarua sauti bila kuharibu spika. Konono Nº1 wa Kinshasa nao walitaka likembe, ndugu yake mbira, isikike juu ya kelele za jiji, wakajiundia maiki na amplifaya kwa vipuri vya magari. Mkwaruzo uliotoka hawakuutaka. Wakaishi nao, wakautawala, ukawa ndio sauti yao.

Mimi mwenyewe gitaa langu kavu, vidole vikiteleza kwenye waya mnene vinalia "kwii". Kuna siku nilirekodiwa, kijana wa studio akanitumia kazi iliyofutwa "kwii" zote. Nikasikia gitaa linapigwa na mtu asiye na mikono.

---

Bi Nyota

"Mtu asiye na mikono." Basi.

Mleta mada, ile rekodi ghafi unayo bado au uliandika juu yake?

---

Waya Mwekundu

Ipo. Nimeiweka sehemu tatu, kanda yenyewe iko ndani ya mfuko usiopitisha unyevu.

Wiki hii nimefuata maelekezo ya fundi. Nilipata nusu sekunde ya mvumo mtupu pale mwisho kabisa, baada ya "tak", ambapo utepe ulikuwa bado unatembea bila kilichorekodiwa. Nikakata desibeli 6 tu. Mvumo umerudi nyuma, mvua imebaki mvua, na kikohozi kipo. Cha kwanza kikavu, cha pili kama anajisafisha koo. Kiti kinalia akikaa sawa. Na kabla tu ya noti ya kwanza kuna kitu nilikuwa sijawahi kukisikia: anagonga mbao ya gitaa kwa kidole, mara nne, kujihesabia.

Nikampelekea mama tena, safari hii bila kutegemea kitu. Amesikiliza yote. Amenirudishia hedifoni, akauliza kama naweza kumwekea kwenye simu yake.

Nikasema naweza, nyimbo zote nitakuwekea.

Akasema nyimbo anazijua. Anataka zile za mwanzo, kabla hajaanza kuimba.

Nimemkatia sekunde 40. Zinaishia kwenye kugonga kwa nne.